Kikao cha Kila Mwezi: Namna ya Kuendesha Kikundi cha Wataalamu wa Hifadhidata

Vikundi vya wataalamu wa hifadhidata huanza kwa kishindo. Kikao cha kwanza hujaza ukumbi, cha pili hupungua kidogo, na kufika cha nane au cha tisa ni mtu yule yule anayetafuta mtoa mada, anayefungua mlango, anayepanga viti na anayeandika mwaliko usiku wa manane. Mtu huyo akibadilisha kazi, kikundi kimekwisha. Hakuna atakayetangaza kwamba kimekufa. Kikao kitaahirishwa, kisha kitaahirishwa tena. Ndiyo maana ushauri mwingi ulio hapa chini unalenga jambo moja: kupunguza kazi inayohitajika ili kikao kimoja kifanyike, hadi hata mwezi mbaya uweze kubeba kikao.

Watu watatu kwanza

Msiite kikao cha kwanza kabla ya kuwa na watu 3 waliogawana kazi: mmoja wa mada na watoa mada, mmoja wa ukumbi na vifaa, mmoja wa mawasiliano na fedha. Wawili hawatoshi, maana mmoja akisafiri kazi yote inamwangukia aliyebaki. Kila mmoja aijue kazi ya mwenzake mmoja kiasi cha kuishika mwezi mzima bila kuuliza. Wasitoke wote kampuni moja. Kikundi ambacho waandaaji wake wote wana mwajiri mmoja huonekana kama idara ya kampuni hiyo: washindani hawaji, na siku meneja akibadilika, ukumbi, projekta na muda wa waandaaji vinaondoka kwa mpigo.

Mali ya kikundi iwe ya kikundi. Jina la tovuti lisajiliwe kwa anwani ya barua pepe ya kikundi. Nywila zikae kwenye programu ya kutunza nywila ambayo wote 3 wanaifungua, na namba za dharura za uthibitisho wa hatua mbili zichapishwe na kutunzwa na watu 2 tofauti. Mara nyingi kikundi hupoteza akaunti yake bila mdukuzi yeyote kuhusika: simu iliyokuwa ikipokea namba za uthibitisho ni ya mtu aliyekwisha hama.

Andikeni pia ukurasa mmoja unaoeleza namna ya kuendesha kikao kimoja, toka wiki ya sita kabla hadi asubuhi ya baada yake. Kila baada ya miezi 6 mpeni mwanachama wa kawaida ukurasa huo aendeshe kikao peke yake, nanyi mkae kwenye viti kama wageni. Kila atakapokwama pana jambo lililokuwa kichwani mwa mtu na halijaandikwa: ufunguo wa chumba cha vifaa, jina la mlinzi, kitufe cha siri cha projekta. Liandikeni usiku huo huo.

Bidhaa moja au zote?

Mahali penye wasimamizi wengi wa bidhaa moja (yaani programu moja ya hifadhidata, kama SQL Server, PostgreSQL, MySQL au Oracle), kikundi cha bidhaa hiyo kinajiendesha. Penginepo ni heri kuchanganya, ila mchanganyiko una ugonjwa wake: mada ya SQL Server inamchosha mtu wa PostgreSQL, naye mwezi ujao haji. Dawa ni kuchagua mada zinazovuka mipaka. Kurejesha hifadhidata kutoka bakapu, viwango vya utengano wa miamala (kiasi ambacho kazi zinazoendeshwa pamoja haziingiliani), ubunifu wa indeksi (orodha za kuharakisha utafutaji), kuhama toleo, kuficha taarifa nyeti, gharama za wingu (seva za kukodi mtandaoni): haya yanamhusu kila mtu, na tofauti kati ya bidhaa ndiyo inayonogesha mjadala. Mwambieni mtoa mada atenge dakika 5 za mwisho kuuliza, "kwenye bidhaa yenu hili linafanyikaje?" Dakika hizo 5 huzaa 20.

Jina la kikundi litaje kazi na eneo, lisitaje bidhaa. Oracle, MySQL na PostgreSQL zote ni alama za biashara zenye masharti ya matumizi, na kikundi kilichochapisha tembo wa nembo ya PostgreSQL kwenye fulana kabla ya kusoma masharti hayo kinajitafutia barua. Tena watu hubadilisha bidhaa. Jina lisiwalazimishe kubadilisha kikundi.

Mkijiunga na shirika mwavuli, chukueni faida zake lakini msiweke kwake kitu msichokuwa na nakala yake. Shirika la PASS, lililoanzishwa 1999 na kuwa mwavuli wa vikundi vya SQL Server duniani, lilitangaza Desemba 2020 kwamba linafunga, na tarehe 15 Januari 2021 shughuli zake zote zikakoma, janga la UVIKO-19 likiwa limeliharibia mapato. Vikundi vilivyotegemea huduma zake vilikuwa na muda usiofika mwezi mmoja kujipanga upya. Watu wa hifadhidata wanajua kanuni ya bakapu kuliko mtu yeyote, lakini orodha ya wanachama wao huikuta kwenye lahajedwali moja, katika kompyuta moja, ya mtu mmoja. Ihamisheni kila mwezi kwenye faili la CSV (maandishi matupu) lililo mahali pengine, na jaribuni kuifungua.

Kuchagua siku

Siku iwe ile ile kila mwezi, na tarehe za mwaka mzima zitangazwe mwezi wa kwanza. Kuuliza "mwezi huu siku gani itawafaa?" ni kazi isiyo na mwisho, na jibu halitakuwa moja kamwe.

Kuna siku za kukwepa, na kwa fani hii zinajulikana. Microsoft hutoa viraka (marekebisho) vya usalama Jumanne ya pili ya mwezi, hivyo jioni hiyo na inayofuata wasimamizi wengi wana shughuli. Oracle hutoa viraka vyake vya robo mwaka Jumanne ya tatu ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. PostgreSQL hutoa matoleo madogo kwa kawaida Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ongezeni siku 3 za mwisho wa mwezi na 3 za mwanzo, wakati kazi za kufunga hesabu zinapoielemea kila seva na msimamizi wake hawezi kukaa mbali na simu. Kinachobaki kikiwa salama mara nyingi ni Jumatano au Alhamisi ya tatu. Siku hiyo ikiangukia sikukuu, futeni kikao cha mwezi huo na mseme mapema. Mkikihamisha, nusu ya watu watafika siku isiyo.

Saa mbili, si zaidi

Anzeni dakika 30 baada ya ofisi nyingi kufungwa. Mpangilio huu unafanya kazi:

- Dakika 20 za kufika na kusalimiana
- Dakika 10 za matangazo, zikiwemo sekunde 30 kwa kila anayetafuta kazi au anayeajiri
- Dakika 15 za mada fupi, maswali ndani yake
- Dakika 45 za mada kuu, na 15 za maswali
- Dakika 15 za shida ya mwezi

Mwendeshaji awe na saa, na amwonyeshe mtoa mada karatasi za "10", "5" na "1". Mtoa mada akipitiliza, kinacholiwa ni shida ya mwezi, na hicho ndicho kipengele ambacho hamtaki kukipoteza.

Shida ya mwezi

Watu hawatoki kazini wamechoka ili kusikiliza slaidi ambazo wangezisoma nyumbani. Wanakuja kwa sababu mahali pao pa kazi wako wenyewe: msimamizi mmoja, wasanidi programu 30, na hakuna wa kumuuliza kwa nini kwiri (ombi la data) iliyokuwa ikichukua sekunde 2 leo inachukua dakika 4. Wapeni nafasi hiyo kila mwezi.

Utaratibu uwe mkali, la sivyo wasemaji wawili wa kila siku wataiteka. Mwenye shida ana dakika 3 za kueleza: anatumia bidhaa na toleo gani, alitarajia nini, anaona nini, amejaribu nini. Dakika 2 zinazofuata ni za maswali ya kufafanua tu. Anayeanza kupendekeza anakatizwa. Kisha dakika 8 za mapendekezo, na mtu mmoja anayaandika ubaoni. Dakika 2 za mwisho mwenye shida anachagua mambo 2 atakayoyajaribu kwanza, na mwezi ujao anaanza kwa kueleza yaliyotokea. Marejesho hayo ndiyo yanayowarudisha hata wasiohusika, maana kila mtu anataka kujua kama ilikuwa indeksi, takwimu zilizopitwa na wakati, au kufuli la muamala uliosahaulika wazi.

Masharti ni machache. Jina la kampuni lisitajwe. Taarifa halisi za wateja zisionyeshwe, na hapa wengi huteleza: mpango wa utekelezaji (hatua ambazo injini ya hifadhidata inafuata kuendesha kwiri) unaonekana kama michoro tu, lakini ndani yake huwa na maandishi ya kwiri yenyewe pamoja na thamani zilizotafutwa, ikiwemo namba ya mteja. Picha ya skrini pia hubeba jina la seva kwenye ukingo wa juu. Mwenye shida abadilishe majina ya majedwali na afute thamani kabla ya kuja, na mwandaaji mmoja aangalie faili hilo kabla halijapanda ukutani. Sehemu hii isirekodiwe kamwe. Kamera ikiwashwa, kila mtu ghafla hana shida yoyote kazini.

Kuna faida nyingine. Mtoa mada akijitoa saa 3 kabla, kikao hakifutwi: kinageuka kuwa kikao cha shida 4 au 5. Wekeni akiba ya shida 3 zilizokwisha safishwa kwenye folda ya kikundi kwa ajili ya siku hiyo. Itafika.

Kupata watoa mada

Foleni iwe na miezi 3 mbele kila wakati. Ikishuka hadi mwezi mmoja, anayeshughulikia mada aache mengine yote.

Swali la "nani angependa kutoa mada?" mbele ya ukumbi huzaa kimya. Mfuateni mtu mmoja mmoja na ombi lililokwisha umbwa: "Mlihamisha hifadhidata ya terabaiti 2 kwa kusimama nusu saa tu. Tueleze mlichopanga na kilichokwenda kombo, dakika 10." Mtu anayesema hana cha kusema hamaanishi kwamba hajui; anafikiri kila mtu analijua analolijua yeye. Wa dakika 10 leo ni wa dakika 45 baada ya miezi 6, na hiyo ndiyo kazi halisi ya mada fupi.

Wiki 6 kabla, mtoa mada atume kichwa na maelezo ya sentensi 3: mada ni ya nani, atatoka na nini, anapaswa kujua nini kabla. Wiki 3 kabla, mthibitishe. Wiki 1 kabla, pitieni naye onyesho lake kwa video kwa dakika 15, kwenye kompyuta ile ile atakayokuja nayo. Siku 2 kabla, mtumieni anwani, jina la wa kumpokea na aina ya waya wa projekta. Asiyejibu ujumbe wa wiki 3 mhesabuni kuwa hayupo, mtafute mwingine.

Watoa mada wanaouza bidhaa si maadui, na baadhi yao ndio wahandisi walioiandika bidhaa yenyewe. Tatizo ni mpaka. Wekeni kanuni iliyoandikwa: mada za wauzaji zisizidi 2 kwa mwaka, bidhaa itajwe katika dakika 5 za mwisho tu, na orodha ya waliohudhuria haitolewi kwa bei yoyote. Muuzaji mzuri huikubali mara moja. Anayebishana kuhusu orodha amekwisha kuwajibu.

Tahadharini pia na takwimu za kasi. Leseni za baadhi ya hifadhidata za kibiashara, Oracle ikiwemo, zinakataza kuchapisha matokeo ya vipimo bila idhini. Wenyewe wanakiita kifungu cha DeWitt, kwa jina la David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye vipimo vyake vya miaka ya 1980 viliikera Oracle. Slaidi inayolinganisha bidhaa mbili kwa sekunde, ikiwekwa mtandaoni na kikundi, ni chapisho. Mtoa mada aonyeshe tabia, kwa mfano kurasa (vipande vya data ambavyo injini husoma kwa mkupuo) ngapi zimesomwa kabla na baada ya indeksi kwenye bidhaa ile ile, na somo litabaki lile lile.

Onyesho linaloharibika, na kwa nini

Hapa ndipo vikao vya hifadhidata vinapotofautiana na vingine. Karibu kila mada ina onyesho la moja kwa moja, na maonyesho hufa kwa sababu chache zinazojirudia.

Ya kwanza ni mtandao wa mwenyeji. Mitandao mingi ya wageni huruhusu poti (milango ya mtandao) 80 na 443 tu kwenda nje. SQL Server husikiliza 1433, PostgreSQL 5432, MySQL 3306, Oracle 1521. Zote zimefungwa, na mtoa mada aliyeweka hifadhidata yake kwenye wingu anabaki kuangalia kiduara kikizunguka. Hata poti ikiwa wazi, faiwoli (ukuta wa ulinzi) ya huduma ya wingu mara nyingi huruhusu anwani za IP zilizosajiliwa tu, na anwani ya ukumbini si ya nyumbani. Onyesho likae ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye kontena (kifurushi cha programu kinachojitegemea) au mashine pepe. Isipowezekana, tumieni intaneti ya simu, na mtoa mada aisajili anwani mpya dakika 20 kabla ya kuanza.

Ya pili ni kashe, yaani data iliyokwisha somwa na kubaki kwenye kumbukumbu. Mtoa mada anaendesha kwiri bila indeksi, sekunde 9. Anaweka indeksi, anaendesha tena, sekunde 0.2, makofi. Lakini mara ya pili data ilikuwa tayari kwenye kumbukumbu. Sehemu ya kasi hiyo haikuletwa na indeksi, na kuna mtu safu ya nyuma analijua hilo. Kila kwiri iendeshwe mara 2 kabla ya kusoma muda, au ipimwe kwa kurasa zilizosomwa badala ya sekunde: STATISTICS IO kwenye SQL Server, EXPLAIN yenye ANALYZE na BUFFERS kwenye PostgreSQL. Anayetaka kuanza na kashe tupu kwenye SQL Server aendeshe CHECKPOINT kisha DBCC DROPCLEANBUFFERS, kwenye mashine ya onyesho tu. Kwa PostgreSQL, kuzima na kuwasha seva hakutoshi, maana mfumo endeshi una kashe yake.

Ya tatu ni jedwali dogo. Hifadhidata za mfano kama AdventureWorks, Sakila na Pagila zinafaa kufundishia miundo na kwiri, lakini majedwali yake mengi ni madogo kiasi kwamba injini huona nafuu kusoma jedwali zima kuliko kugusa indeksi. Mtoa mada anaapa kwamba indeksi itatumika, na haitumiki. Kwa somo la kasi, tengenezeni safu milioni kadhaa. Kwenye PostgreSQL, pgbench, programu yake ya vipimo, ikianzishwa kwa kipimo cha 100 huzalisha jedwali la akaunti lenye safu 10,000,000, au tumieni generate_series kupata data ya umbo mnalolitaka. Baada ya kujaza, endesheni ANALYZE (amri ya kukusanya takwimu za jedwali) kwa mkono; ile ya kujiendesha yenyewe inaweza kuingia katikati ya onyesho na kubadilisha mpango mbele ya macho ya watu.

Data halisi ya kazini isitumike hata ikiwa "imefichwa kidogo". Hilo halijadiliwi.

Halafu kuna kuonekana. Maandishi ya kwiri yawe na ukubwa wa pointi 20 kwenda juu, na jedwali la matokeo pia, maana programu nyingi huyapa matokeo mpangilio wake wenyewe wa herufi na watu husahau kuugusa. Mandhari meusi yanapendeza kwenye kompyuta na kufifia ukutani taa zikiwa zimewashwa, tumieni meupe. Kipimo ni kwenda safu ya mwisho na kusoma kwa sauti. Kwa maonyesho ya miamala inayofungiana, madirisha 2 ya kwiri yawe na rangi 2 tofauti, la sivyo baada ya dakika 3 hakuna anayejua ni nani anamsubiri nani, pamoja na mtoa mada.

Na kila onyesho lirekodiwe video siku moja kabla. Likikwama zaidi ya dakika 2, chezeni video na msonge mbele.

Mfuko wa vifaa

Ukumbi wowote utawaambia kwamba kila kitu kipo. Nendeni na mfuko wenu: waya wa HDMI wa mita 5 au zaidi, adapta ya USB-C kwenda HDMI na nyingine ya Mini DisplayPort, ekstensheni ya soketi 6, utepe mpana wa kubandika nyaya sakafuni, kipaza sauti cha kubana kwenye kola na betri za akiba, kalamu za ubao, na vibandiko vya majina. Kompyuta zenye skrini za msongamano mkubwa hugoma na projekta za zamani. Wekeni mwonekano wa 1920 kwa 1080 kabla ya kuchomeka, na mkiona bado giza shukeni hadi 1280 kwa 720. Mtoa mada afike dakika 45 kabla.

Vikao vya mazoezi

Mara 2 au 3 kwa mwaka, badala ya kusikiliza, watu wafungue kompyuta. Kosa la kawaida ni kuwaambia "pakueni kontena mkifika". Watu 20 wakipakua gigabaiti 1.5 kila mmoja ni gigabaiti 30. Kwenye mtandao wa megabiti 50 kwa sekunde ni dakika 80 ikiwa hakuna mwingine anayeutumia, na kikao kimekwisha. Tumeni maelekezo wiki 1 kabla, na siku yenyewe mje na flashi 4 zenye kontena lililohifadhiwa kwa docker save, ili asiyejiandaa alipakie kwa docker load. Flashi ziwe za mfumo wa exFAT, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Kumbukeni pia kwamba kontena la SQL Server kwa Linux limejengwa kwa vichakato vya x86-64 (vya aina ya Intel na AMD) na linahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache. Wenye kompyuta za ARM watahitaji uigaji, au wakae na jirani. Msaidizi mmoja kwa kila watu 8. Mwalimu hapaswi kutembea kutatua hitilafu za usakinishaji. Akianza hivyo, walio tayari watafungua barua pepe zao.

Mazoezi yanayokumbukwa zaidi ni ya kurejesha. Wapeni hifadhidata, bakapu kamili, mlolongo wa logi (kumbukumbu za kila badiliko), na amri ya DELETE iliyosahau WHERE, yaani iliyofuta jedwali zima, kisha waambieni warudi hadi sekunde moja kabla ya maafa. Wengi wana bakapu kazini na hawajawahi kuijaribu.

Ukumbi, idadi na wageni

Ofisi ya kampuni ndiyo ukumbi wa kawaida, na maswali ya kuuliza ni ya baada ya saa za kazi: nani anafungua mlango wa chini, lifti inafanya kazi hadi saa ngapi, majina ya wageni yanatakiwa lini, mtu wa kiti cha magurudumu anaingilia wapi. Kuweni na kumbi 2 za kupishana.

Kikao cha bure kinapoandikisha watu 45, tarajieni 20 hadi 25. Tumeni kikumbusho siku 7 na siku 1 kabla, chenye njia rahisi ya kujitoa. Asiyejisumbua kujitoa hana ubaya, hakuona tu pa kubonyeza. Anzeni kuweka kumbukumbu zenu wenyewe, kwani baada ya vikao 5 uwiano wenu utakuwa umejulikana.

Lakini idadi ya waliofika si kipimo kizuri. Angalieni waliokuja mara ya kwanza, na wangapi wamerudi ndani ya miezi 3. Wasiporudi, mara nyingi sababu haiko kwenye mada: walisimama peke yao dakika 20 huku wenyeji wakicheka kwenye duara lililofungwa. Mpeni mwandaaji mmoja kazi ya mlangoni peke yake, na kila mgeni amkabidhi kwa mtu mwenye bidhaa ile ile au shida ile ile. Kanuni za mwenendo ziwe ukurasa mmoja, zikiwa na majina ya watu 2 wa kupokea malalamiko, wasiwe wa jinsia moja.

Kuhusu kurusha kikao mtandaoni wakati huo huo: ni vikao 2, na vinahitaji mwendeshaji wa pili ambaye kazi yake ni walio mbali pekee. Asipopatikana, chagueni kimoja. Mkirusha, tangulizeni sauti kuliko picha; mtu atavumilia slaidi iliyofifia, hatavumilia sauti ya pangoni.

Fedha na taarifa za watu

Kikundi kisicho na akaunti ya benki kina ugomvi mchache. Mfadhili alipe moja kwa moja mwenye chakula au mwenye ukumbi, na risiti ibaki kwake. Bei ya ufadhili iwe moja kwa wote na ijulikane, naye anachopata ni shukrani na dakika 2 mbele ya watu, hapati mada wala orodha. Fedha zikilazimika kukaa mahali, wawepo watia saini 2 na taarifa kwa wanachama kila robo mwaka, hata kama ni mistari 4.

Kusanyeni jina na barua pepe, basi. Kila safu ya ziada kwenye fomu ni taarifa mtakayotakiwa kuilinda, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama GDPR ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, hazina msamaha kwa kikundi cha kujitolea. Orodha ya mlangoni ya mwenyeji ifutwe kesho yake.

Siku nzima ya mada

Mtashawishika kuandaa siku kubwa. Mfano maarufu ni SQLSaturday, iliyoanza Orlando mwaka 2007: siku moja ya wikendi, bila kiingilio, watoa mada wa kujitolea. Msiiguse kabla ya vikao 12 vya kawaida mfululizo. Vyumba 3 vyenye vipindi 5 ni mada 15. Hizo zinataka maombi kama 40 ili kuchagua, akiba ya watoa mada 2 watakaokuwepo tayari na slaidi, na miezi 6 ya maandalizi. Waandaaji 3 hawatoshi, ongezeni 5 wa siku hiyo peke yake: mmoja kwa kila chumba, mmoja mlangoni, mmoja asiye na kazi yoyote mpaka kitu kiharibike.

Kinachoumia baada ya siku kubwa ni kikao cha mwezi unaofuata, maana kila mtu amechoka na hakuna aliyemtafuta mtoa mada. Mthibitisheni mtoa mada wa mwezi huo kabla ya kufungua maombi ya siku kubwa, na kikao chake kiendeshwe na watu ambao hawakuwa kwenye maandalizi.